Baba yuko makao ya wazee, watu wamejaa, mbona mpweke?

Anakula, anahudumiwa, ana majirani kila upande. Upweke unatoka wapi?
Jirani si lazima awe rafiki. Wanawake huishi miaka mingi kuliko wanaume, kwa hiyo kwenye makao mengi wanaume ni wachache na shughuli hupangwa kwa kufuata wengi. Tena wanaume wengi marafiki zao walikuwa wa kazini, na aliyekumbuka nani apigiwe simu alikuwa mke. Mtu akishastaafu na kufiwa, yote mawili yamekwenda.

Upweke una madhara mwilini?
Ndiyo. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya 2023 ilitaja ongezeko la asilimia 29 la hatari ya ugonjwa wa moyo na asilimia 32 ya kiharusi kwa watu wenye uhusiano hafifu na wenzao. Hata hivyo, mgonjwa naye hujitenga, kwa hiyo si rahisi kujua kipi ni chanzo na kipi ni matokeo.

Nitamtambuaje aliye mpweke?
Usisubiri aseme "mimi mpweke", wengi hawatamki. Tazama asiyekuja tena kula na wenzake, aliyeacha kunyoa ndevu, mwenye hasira za ghafla, anayelalamikia maumivu yasiyoisha. Akisema yeye ni mzigo, au heri afe, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, na mjulishe muuguzi au daktari papo hapo.

Tuanzie wapi?
Masikioni. Asiyesikia vizuri hukwepa meza yenye kelele, na watu wakadhani ana kiburi. Pengine ni nta tu. Pengine anahitaji kifaa cha kusikia. Kisha ulizeni faraghani kuhusu mkojo: wapo wanaojifungia chumbani wakiogopa kuaibika, na tatizo hilo mara nyingi lina tiba.

Anakataa kila shughuli.
Labda anaalikwa vibaya. "Njoo tuzungumze" humfukuza; "tusaidie kurekebisha kiti hiki" humleta. Australia, tangu miaka ya 1990, kuna karakana za wanaume ambako mazungumzo huja yenyewe mikono ikiwa kazini. Makao yasiyo na karakana yanaweza kumpa bustani, redio mbovu, au mgeni ambaye yeye atamtembeza.

Simu ya video inatosha?
Inasaidia kati ya ziara moja na nyingine, hasa ikiwa na siku maalumu anayoijua. Mjukuu akimwomba amfundishe kitu, itadumu zaidi ya salamu.