Nani Analea Mtoto wa Nani: Mbwa Mwitu, Simba na Fisi wa Serengeti

Wageni wengi wanaotembelea hifadhi zetu, pamoja na wanafunzi wa sekondari ambao mara nyingi huuliza maswali makali kuliko watu wazima, huamini kwamba mnyama anayeishi kwenye kundi husaidiana na wenzake katika kila jambo. Imani hiyo ina ukweli, ila si wote. Simba, fisi madoa na mbwa mwitu ni wanyama wa kundi, wote wanapatikana katika ikolojia ya Serengeti na wote huwinda. Lakini linapokuja suala la nani anamlisha, kumnyonyesha na kumlinda mtoto, kila mmoja ana utaratibu wake. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kundi litakuwa na hali gani pale linapopoteza mnyama mmoja au wawili.

Tuanze na mbwa mwitu, kwa kuwa ndiye aliyefika mbali zaidi katika ulezi wa pamoja. Kwa kawaida ndani ya kundi huzaa jike mmoja tu, yule mkuu, aliyepandwa na dume mkuu. Mimba yake huchukua takriban siku 70, naye huzaa watoto 10 hivi, na pengine hata 20, ndani ya shimo ambalo aghalabu lilichimbwa na muhanga au ngiri. Mzigo huo hauwezi kubebwa na mama peke yake. Katika wiki za mwanzo hatoki kwenda kuwinda, kwa hiyo wenzake huondoka alfajiri na jioni, wakamwacha yeye na mara nyingi mlinzi mmoja. Wanaporudi, watoto waliokwisha kuanza kula nyama huwakimbilia na kuwalamba pembe za midomo, nao huinamisha vichwa na kutapika mapande ya nyama ambayo hayajasagika. Mama hulishwa hivyohivyo, mlinzi pia, na hata mgonjwa aliyeshindwa kufuatana na wenzake hupata fungu lake.

Baada ya miezi mitatu hivi watoto huliacha shimo na kuanza kutembea na kundi, na hapo utaratibu huendelea kwa sura nyingine: mnyama akishaangushwa, watoto ndio wanaotangulia kula, huku wakubwa wakisimama pembeni kuangalia kama fisi wanakuja. Aliyewahi kuona simba wakila atajua jinsi jambo hilo lilivyo la ajabu. Kwa simba mwenye nguvu ndiye anayekula kwanza, na msimu wa njaa watoto wao hukosa chakula huku wazazi wakiwa wameshiba.

Swali ambalo limewashughulisha wanabayolojia kwa muda mrefu ni kwa nini mbwa mwitu aliyekomaa, mwenye uwezo wa kuzaa, akubali kutumia miaka yake kulea watoto wasio wake. Sehemu kubwa ya jibu ilitolewa na mwanabayolojia Mwingereza William Hamilton mwaka 1964. Kwa wanyama kama hawa, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushiriki kwa wastani nusu ya jeni zao, yaani chembe za urithi, kiasi kilekile ambacho mzazi hushiriki na mtoto wake. Kwa hiyo anayemlea mdogo wake anasaidia jeni zake mwenyewe kuendelea, ingawa zinapitia mlango mwingine. Wengi wa walezi katika kundi la mbwa mwitu ni kaka na dada wa watoto hao, waliozaliwa miaka iliyotangulia, au ndugu wa wazazi wao.

Hata hivyo undugu peke yake hautoshi kulieleza jambo hili, maana wamo walezi wasiokuwa na uhusiano wa karibu na watoto. Makundi mapya huanzishwa pale ndugu wa kiume waliotoka kundi moja wanapokutana na ndugu wa kike waliotoka kundi jingine. Dada wa mama huwa wanalea watoto wa dada yao, lakini madume wageni wanaojiunga baadaye hawana uhusiano huo. Hapa inabidi kuangalia mazingira. Jozi inayojitenga kwenda kuanza maisha peke yake itakosa wa kuwinda ikiacha mlinzi, na itakosa mlinzi ikienda kuwinda. Kukaa, kulea na kusubiri zamu ya kurithi nafasi ya mkuu mara nyingi kuna faida kuliko kuondoka mapema.

Wako wanaodhani kwamba jike mkuu huwazuia wengine kuzaa kwa kuwasumbua hadi miili yao inachoka. Dhana hiyo ilipimwa katika miaka ya 1990 kaskazini mwa Pori la Akiba la Selous, eneo ambalo sasa limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako mtafiti Scott Creel na wenzake walikusanya kinyesi cha mbwa mwitu na kupima homoni za msongo. Waliokutwa na viwango vya juu walikuwa wakuu wenyewe, si walio chini yao. Nikiulizwa, hayo ndiyo matokeo ninayoyapenda zaidi katika somo hili zima, kwa sababu yanaonyesha kwamba cheo katika kundi kina bei yake. Jike wa chini akizaa, jambo ambalo hutokea mara mojamoja, watoto wake wanaweza kuuawa na jike mkuu au kuchanganywa na wa kwake na kulelewa pamoja.

Msaada wenyewe si lazima uwe wa hiari. Ndege aina ya keremkerem wenye paji jeupe, wanaochimba viota kwenye kingo za udongo karibu na Nakuru nchini Kenya, walichunguzwa kwa miaka mingi na mtafiti Stephen Emlen na wenzake, wakaonekana kufanya jambo ambalo wazazi wengi wa kibinadamu watalitambua. Baba humwendea mwanawe ambaye ameanza kujenga familia yake, humsumbua, humzuia kumlisha jike wake na hata kukaa mlangoni mwa kiota chake, mpaka kijana anaacha shughuli yake na kurudi kuwalisha wadogo zake. Kwa kuwa vifaranga wengi wa ndege hawa hufa njaa, msaidizi mmoja anaweza kukaribia kuongeza maradufu idadi ya wanaofikia kuruka, kwa hiyo hasara ya kijana ni ndogo kuliko inavyoonekana.

Kwa simba hali ni tofauti kabisa. Majike wa kundi ni mama, mabinti, dada na shangazi, na wote huzaa. Mara nyingi huzaa kwa kukaribiana, kisha baada ya wiki kadhaa za kuwaficha watoto kila mmoja mahali pake, huwaleta pamoja na kuwatunza kama kikosi kimoja. Ni kweli kwamba watoto hunyonya kwa majike wengine, lakini utafiti wa Craig Packer na Anne Pusey, waliouendeleza Serengeti tangu mwaka 1978, uliona kwamba mengi ya manyonyesho hayo hutokea jike akiwa amelala au akiwa anawanyonyesha wa kwake na asiwatofautishe. Mwenye watoto wachache ndiye mkarimu zaidi. Sababu kubwa ya kuwakusanya watoto pamoja ni ulinzi. Madume wapya wanapoteka kundi huua watoto wadogo waliowakuta, ili mama zao wawe tayari kupandwa tena mapema, na majike kadhaa wakisimama pamoja huwa na nafasi ya kuwaokoa angalau baadhi.

Hata katika ulinzi huo wako wategeaji. Watafiti waliweka vipaza sauti porini na kupiga ngurumo ya jike mgeni, kisha wakaangalia nani anaitikia. Majike fulani walitangulia kila mara, wengine walibaki nyuma kila mara. Waliotangulia waligeuka kuwatazama waliochelewa, ikaonekana wanajua vizuri nani hajafika, lakini hawakuwaadhibu.

Fisi madoa ndiye anayewashangaza watu zaidi. Ukoo wake unaweza kufikia fisi 80 na zaidi, majike ndio watawala, watoto hurithi cheo cha mama, na wote hutunzwa kwenye shimo la pamoja. Mtu akiona hivyo atadhani huo ni ulezi wa ushirika. Sivyo. Kila mama hunyonyesha wa kwake, kwa kawaida wawili, kwa mwaka mzima au zaidi, na hakuna anayewaletea nyama wala kuwatapikia. Nyumbu wanapohama, mama wa Serengeti husafiri kilomita 40 na zaidi kwenda kutafuta chakula, huku watoto wakimsubiri kwa siku kadhaa bila kuonja chochote. Mama akifa kabla hawajaachishwa ziwa, kwa kawaida nao hufa.

Tofauti hizi zina uzito mkubwa katika uhifadhi. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa unaojulikana zaidi kwa mbwa, viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, lakini kwa kuwa karibu kila jike aliyesalia angeweza kuzaa, idadi ilirejea ndani ya miaka michache. Mbwa mwitu waliokuwa wakifuatiliwa kwenye nyanda za Serengeti walitoweka mwaka 1991, baada ya kichaa cha mbwa kuthibitishwa katika mojawapo ya makundi yao, ingawa wataalamu wameendelea kubishana kuhusu uzito wa sababu nyingine, ikiwemo ushindani wa simba na fisi. Kundi likibaki na watatu au wanne, kulea hukwama hata kama wazazi wako hai, kwani hakuna wa kuacha shimoni. Mbwa mwitu waliosalia Loliondo, eneo linalopakana na hifadhi upande wa mashariki, ndio waliotumika kuwarudisha, na kuanzia mwaka 2012 makundi kadhaa yalihamishiwa ndani ya hifadhi.

Kwa wananchi wanaoishi jirani na hifadhi, hatua yenye manufaa makubwa kwao na kwa wanyama hawa ni kuchanja mbwa wa nyumbani dhidi ya kichaa, kwa lengo la kufikia asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo. Anayegundua shimo lenye watoto wa mbwa mwitu asilisogelee wala kupeleka mifugo karibu nalo, bali atoe taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Kusini mwa Tanzania mashimo hayo huonekana zaidi kati ya Juni na Agosti. Wanyama hao wakibughudhiwa huhamisha watoto kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine, na safari hiyo inaweza kufanyika mchana, simba wakiwa jirani.