Je, Wajua Kwa Nini Modeli za Ndege za Kivita Hupunguzwa Mara 72?

Chukua modeli ya Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza iliyoruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, kisha pima mabawa yake ncha hadi ncha. Mara nyingi utapata kama sentimita 15.6. Ndege yenyewe ilikuwa na mita 11.23. Ukigawanya, jibu ni 72. Kwa nini isiwe 50 au 100, hesabu nyepesi?

Waingereza walipima kwa futi na inchi, na futi 6 zina inchi 72. Kwa skeli hiyo, yaani kipimo cha kupunguzia, kila futi 6 za ndege huwa inchi 1 mezani, na rubani wa futi 6 hubaki na kimo cha inchi moja. Kampuni ya Skybirds ya Uingereza ilianza kuuza modeli hizo za mbao na chuma mwaka 1932. Kampuni ya Frog ikafuata kwa plastiki mwaka 1936.

Lakini ni vita vilivyoipa skeli hii uzito. Tarehe 6 Septemba 1939, siku ya tatu tangu Uingereza itangaze vita, Spitfire za Kikosi cha 74 zilitungua Hurricane 2, ndege za kivita za Waingereza haohao, za Kikosi cha 56, zikidhani ni za Wajerumani. Rubani Montague Hulton-Harrop aliuawa kwa risasi za wenzake. Kutambua umbo la ndege kwa sekunde chache lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani likawaomba wanafunzi wa sekondari wachonge modeli 500,000 za mbao, aina 50, zote kwa skeli hiyo. Zilipakwa rangi nyeusi makusudi, ili askari anayejifunza ategemee umbo tu. Modeli ikitazamwa kutoka futi 35, kama mita 10 na nusu, huonekana kwa ukubwa uleule wa ndege halisi iliyo karibu nusu maili. Chumba kimoja kilitosha kufundishia anga.

Fundi wa leo anayewachongea wakusanyaji ana mtihani mwingine, maana skeli hupunguza urefu lakini haigusi rangi. Kijani halisi cha Spitfire kikipakwa kwenye modeli huonekana kizito mno, kwa kuwa ndege tumezoea kuiona kwa mbali, hewa ikiwa imeififisha. Wengi huongeza nyeupe au kijivu kidogo. Na mwanya wa milimita 2 kati ya mabati unapaswa kubaki chini ya milimita 0.03, mwembamba kuliko unywele. Mwaminifu kwa hesabu atachonga mstari usioonekana, kwa hiyo fundi mzuri huupanua kidogo, kisha huacha.

Mimi hutazama kwanza ukingo wa nyuma wa bawa. Bawa la Spitfire ni duaradufu na ni jembamba sana, na mbao ikisuguliwa hadi hapo huvunjika kirahisi. Aliyeogopa kuvunja huacha ukingo mnene, na rangi nzuri kiasi gani haiwezi kuuficha.