Je, wajua kwa nini sahani za kale za China zimechorwa popo?

Itazame vizuri sahani ya kauri ya China ya karne ya 18, ile nyeupe yenye michoro ya buluu. Huenda ukamwona popo amekunjua mabawa katikati ya maua. Kwetu popo ni mnyama wa usiku na magofu. Nani amtake mezani? Kwa Wachina ni dua njema.

Sababu iko kwenye matamshi. Kwa Kichina popo huitwa bianfu, na baraka ni fu, kwa sauti ileile ya mwisho wa jina la popo. Fundi akichora popo watano, anamwombea mwenye sahani baraka tano: umri mrefu, mali, afya, kupenda wema na kifo chema uzeeni. Samaki ni yu, sawa na neno lenye maana ya ziada, hivyo kumchora ni kuiombea nyumba isipungukiwe. Kulungu ni lu, kama mshahara wa ofisa wa mfalme: mwanao apate cheo. Alama nyingine huhitaji macho tu. Komamanga limejaa mbegu, basi ni uzao mwingi. Bata wawili pamoja ni mke na mume.

Buluu yenyewe hutokana na madini ya kobalti. Katika mji wa Jingdezhen, jimbo la Jiangxi, chombo kilichorwa kikiwa bado kibichi, kikapakwa maji ya kung'arisha, kisha kikaingia tanuri lenye joto la nyuzi 1300 hivi. Rangi nyingi haziuwezi moto huo, kobalti huustahimili. Na kobalti bora ya karne ya 14 ilitoka Uajemi, jambo linalonifurahisha sana: hata rangi ya sahani hizi ilivuka nchi kabla sahani hazijasafiri.

Ng'ambo, maana zile zilipotea. Waholanzi waliiteka meli ya Wareno, Santa Catarina, mwaka 1603, na shehena yake ya kauri ikanadiwa Amsterdam mwaka uliofuata. Watu waligombea uzuri, wala hawakujua kulungu yule anasema nini. Baadaye matajiri wa Ulaya wakawa wanaagiza nembo za familia zao zichorwe China. Mwishoni mwa karne ya 18, viwanda vya Staffordshire, Uingereza, vikabuni mchoro wa mti, daraja na ndege wawili, na hadithi ya wapenzi waliogeuka njiwa ikatungwa hukohuko Uingereza. Wengi bado wanaidhani ni ngano ya Kichina.

Pwani yetu ilizipa kazi nyingine. Huko Lamu na Pate, sahani zilipangwa kwenye zidaka za ukutani, fahari ya nyumba. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na Mambrui, kaskazini ya Malindi, zilipachikwa kwenye nguzo za makaburi ya watu wenye hadhi. Ukifika huko, angalia matundu ya duara kwenye chokaa: ndipo zilipokuwa kabla hazijang'olewa.