Kufungua koki nusu hakupunguzi presha

Wengi wenye trela za kupigia kambi huamini kwamba ukifungua nusu tu koki ya nje, ile ya kambi inayoleta maji kwenye trela, mabomba ya ndani yatakuwa salama. Dhana hii ina mantiki yake, maana ukioga maji kweli hutoka taratibu.

Ila kinachopungua ni wingi wa maji yanayopita, tena yanapotiririka tu. Ukifunga kila kitu ndani, maji huendelea kupenya pale koki ilipoachia hadi presha ya ndani ilingane na ya maji ya nje, yaani ya kambi. Na usiku, matumizi ya maji yakipungua, presha ya nje huweza kupanda zaidi, nanyi mmelala.

Jipimie mwenyewe. Weka geji (kipima presha) pale mpira wa maji unapoingia kwenye trela, funga kila kitu ndani, fungua koki robo, kisha tazama mshale. Utapanda polepole, mwishowe usimame palepale ungesimama koki ikiwa wazi kabisa.

Kinachoshusha presha ni kidhibiti presha. Kifungwe kwenye koki yenyewe, ili mpira nao ulindwe. Vingi huwekwa kati ya psi 40 na 50, takriban baa 3. (Vile vidogo visivyorekebishika hubana maji mno, anayelalamikia bafu lake hapo ana haki.)