Makohozi safi hayajibu swali la mirija

"Makohozi ni safi, eksirei ya kifua ni safi, kwa hiyo TB ya uzazi hapana." Kliniki za ugumba hapa Dar es Salaam zimeichoka kauli hii. Inauma zaidi inapotoka kwa mhudumu, kwa sababu yeye ndiye anayefunga faili.

Makohozi yanaeleza habari za mapafu tu. TB ya uzazi kwa kawaida huanzia mapafuni, mara nyingi mwenyewe asijue, kisha vimelea husafiri kwa damu hadi kwenye mirija ya uzazi, ile inayopitisha yai. Mapafu yanaweza kupona bila kuacha hata kovu, huku mirija ikiendelea kuharibika kwa miaka. Karibu kila mwenye TB ya uzazi ameathirika mirija. Utando wa mji wa mimba huathirika kwa nusu yao au zaidi kidogo. Ndiyo maana hata kinyama cha mji wa mimba, yaani kipande kidogo cha utando kinachochukuliwa kupimwa, kikirudi safi, mirija bado haijapimwa.

Kinyama chenyewe huharibiwa na sisi wataalamu. Vimelea huku ni vichache mno: darubini huhitaji kama 10,000 kwa mililita moja ndipo ivione. GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya TB, na kuotesha vimelea maabara huona vichache zaidi, lakini navyo hukosa. Basi tusivinyime nafasi. Kinyama kichukuliwe siku chache kabla ya hedhi, kwa kuwa vivimbe vya TB hujengeka utando unavyonenepa, na hedhi ikija hutoka navyo. Ukikwangua siku ya 8 ya mzunguko, utapata utando mchanga usio na habari. Kisha kigawe mara mbili: kipande kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, kwa patholojia (kuchunguzwa kwa darubini), kingine kwenye chupa safi yenye maji ya chumvi kwa GeneXpert na kuotesha. Fomalini huua vimelea; kilichoingia humo hakioteshwi tena. Na bado kinyama chote hutumbukizwa humo, eti ndiyo chupa iliyokuwepo! Dada, kabla hujapanda kitandani uliza: chupa ni ngapi? Majibu ya kuotesha huchukua hadi wiki 6, wakati mwingine 8. Yasubiri.

Kauli nyingine tunazozisikia ni hizi. "Sikohoi wala sijakonda." Wengi hawana dalili yoyote ila kutoshika mimba. Wengine hedhi hupungua au hukata, au nyonga huuma chinichini.

"Kipimo cha TB cha kuchoma ngozi kimevimba, anza dozi." Kimeonyesha kwamba mwili umewahi kukutana na vimelea. Hakisemi viko wapi, wala kama ugonjwa unaendelea.

"Tumbo lina maji na CA-125 imepanda, ni saratani ya ovari." CA-125 ni kipimo cha damu kinachotumika kutafuta saratani ya ovari, lakini TB ya tumbo nayo huipandisha. Kabla ya kumtoa binti ovari, vuta maji hayo: limfosaiti (aina ya chembe nyeupe) zikiwa nyingi na ADA, kimeng'enya kinachopanda kwenye TB, ikizidi yuniti 39 kwa lita, fikiria TB, na chukua kinyama kwa laparoskopia, yaani kamera inayoingizwa tumboni kwa tundu dogo.

"Picha ya mirija, ile eksirei ya kusukuma dawa kizazini, ipigwe kwanza." Kama TB hai inashukiwa, usisukume dawa ya picha humo, inaweza kuamsha ugonjwa.

"Dozi itazibua mirija." Dozi ya miezi 6, dawa nne kwa miezi 2 kisha mbili kwa miezi 4, huua vimelea. Kovu hubaki, na majani ya kusafisha kizazi hayalifiki. Anayeshika mimba baada ya hapo apigwe ultrasaundi mapema, wiki ya 6 hivi, maana hatari ya mimba kutunga kwenye mrija ni kubwa.