Kianzio cha kuzunguka katika filamu: tazama nani anajibiwa

Katika miswada mingi ya filamu za hapa Mombasa, mhusika wa kike huingia katika jambo kwa kuzunguka: “Wajua nini, shoga?”, “Nikuulize kitu?”, “Hukusikia ya jana?” Mwanamume yeye hulitoa tu: “Gari nimeliuza.” Waandishi huliita hilo tabia ya wanawake, na hapo ndipo mazungumzo yanapoharibika.

Kianzio hicho ni swali linalodai jibu fupi: “Nini?” au “Eh, sema.” Aliyejibu amejifunga kusikiliza. Mwanasosholojia wa Marekani Harvey Sacks aliliona hilo kwa watoto, ambao haki yao ya kusema mbele ya wakubwa ni ndogo. Mwenzake wa fani hiyo, Pamela Fishman, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1978, alirekodi mazungumzo ya nyumbani ya jozi tatu za wapenzi huko Marekani. Wanawake walianzisha mada 47, zikashika, yaani zikaendelezwa kuwa mazungumzo, 17 tu. Wanaume 29, zikashika 28. Asiye na hakika ya kupokewa hupiga hodi kwanza.

Kwa hiyo unapopitia mswada, pigia mstari sentensi ya kwanza ya kila mada mpya, kisha soma ya anayefuata. Kaipokea, kainyamazia, au kaleta yake? Mke anasema “Nikwambie kitu?”, mume anajibu “Chai i wapi?” Ndoa yao tumeshaiona, ile hotuba ya “hunisikilizi” ya onyesho la baadaye ifute. Na kianzio kinachopokewa vizuri kila mara hakina kazi, kifute pia.

Wanaume nao huzunguka, hasa penye kuomba. Kwenye baraza za mtaa wa Kibokoni anayetaka kukopa haanzi na pesa. Atauliza hali, watoto, kazi, ndipo aseme, “Sasa yakhe, nina neno.” Wazee waliotumwa kuposa wakitaja binti kabla hawajaketi, mtazamaji wa pwani atajua wamekosa adabu, hata kama mwandishi hakukusudia. Lakini usiandike salamu zote: ukurasa wa mswada ni kama dakika moja ya filamu. Ingia onyesho kwenye salamu ya mwisho.

Kianzio kikikosa jibu, andika neno “kimya” kwenye mstari wake peke yake. Lisipoandikwa, mwigizaji huunganisha sentensi mbili kwa pumzi moja, na mhariri wa picha akikikuta kimya chenyewe hukikata akidhani mtu kasahau maneno yake.