Garissa, mji unaofurika bila mvua

Garissa, mji ulio kando ya Mto Tana kaskazini mashariki mwa Kenya, hupata mvua ya milimita 300 na ushei kwa mwaka, nayo huja kwa vipindi viwili vifupi: Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba. Miezi mingine ni jua na vumbi tu. Hata hivyo mji huu umefurika mara nyingi, na wakati mwingine umefurika huku mbingu juu yake zikiwa nyeupe kabisa. Aprili 2024 barabara kuu ya kwenda Nairobi ilizama upande wa Madogo, ng'ambo ya daraja. Abiria wakashuka mabasini na kuvuka kwa mashua mahali ambapo juma chache nyuma malori yalikuwa yakipita. Mashua moja ilipinduka na watu wakafa.

Ukitaka kuuelewa mji huu, basi usitazame anga lake. Tazama milima iliyo mamia ya kilomita magharibi.

Mto Tana, mrefu kuliko yote nchini Kenya, una urefu wa takriban kilomita 1,000. Maji yake yanatoka Nyandarua, Mlima Kenya na vilima vya Nyambene. Baada ya vijito vya Nyambene kuingia, hakuna tena mto wa kudumu unaojiunga nao hadi baharini Kipini. Kuna laga tu, yale makorongo makavu ya mchanga ambayo hubeba maji kwa saa chache mvua inaponyesha, kisha hukauka. Kwa hiyo maji yapitayo Garissa ni ya wageni: yamenyesha Nyeri, Embu au Meru, na yanapita tu.

Hapa ndipo mabwawa huingia katika mazungumzo. Kwa wakazi wengi, mafuriko yana maelezo mafupi: "Wamefungua bwawa." Mabwawa ya Seven Forks, ya kuzalisha umeme kwenye Tana juu ya Garissa, ni matano. Kindaruma lilitangulia mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu, Gitaru, Masinga na mwisho Kiambere mwaka 1988. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo ghala kubwa. Linaweza kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5. Msimu wa mvua za kawaida, ghala hilo hupunguza makali ya wimbi la mafuriko kabla halijafika chini. Likishajaa, uwezo huo umekwisha, na mara nyingi maji hujimwagia yenyewe bila mtu kugusa lango. Lakini kuna jambo ambalo husahaulika hata na watu wazima kwenye mikutano: mito kama Mutonga na Kathita, inayoteremka kutoka upande wa Meru na Tharaka, huingia Tana chini ya mabwawa yote matano. Mvua kubwa ikinyesha huko, hakuna bwawa la kuizuia. Mabwawa yana lawama yao, sikatai, ila si lawama yote.

Simama kwenye daraja na utazame chini. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, rangi ya udongo wa mashamba ya milimani. Garissa iko mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, na pwani bado iko mbali, kwa hiyo mto hauna mteremko wa kuukimbiza. Unajipinda kulia, unajipinda kushoto. Kwenye kona ya nje maji hula ukingo hadi unasimama wima kama ukuta uliokatwa kwa panga, na ukutani unaona matabaka: mchanga mweupe, tope jeusi, mchanga tena, na mizizi iliyoning'inia. Kila tabaka ni furiko lililopita. Kona ya ndani mchanga hujitandaza taratibu, na mamba huota jua hapo. Baada ya miaka mto huchoka na kona yake, ukaikata na kunyooka, ukaacha nyuma dimbwi lililopinda kama mwezi mwandamo. Mwenye shamba kandokando ya Tana anajua kwamba mpaka wake unatembea.

Mashamba yenyewe ni utepe mwembamba tu. Migomba, miembe, nyanya na matikiti hustawi hatua chache kutoka majini, kwa pampu za dizeli zinazosogezwa juu na chini kadiri mto unavyopanda na kushuka. Ukitoka kwenye utepe huo kuelekea mashariki, kijani hukatika ghafla, mkaingia kwenye vichaka vya migunga. Wapokomo na Wamunyoyaya wamelima na kuvua kando ya mto huu kwa vizazi. Wasomali na Waorma wamekuja kunywesha mifugo wakati malambo ya mbali yamekauka. Mji ulikua katika sehemu ambapo mambo hayo mawili yanakutana, penye maji ya kudumu na pa kuvukia. Soko lake la mifugo ni miongoni mwa makubwa katika eneo hili la Afrika, na mikokoteni ya punda iliyosheheni mitungi ya maji bado ni sehemu ya mtaa.

Majina ya mitaa nayo husimulia. Bulla, neno la Kisomali la kitongoji, limetangulia mengi: Bulla Iftin, yaani ya mwanga, na Bulla Punda, ambayo haihitaji tafsiri. Na soko maarufu la mjini huitwa Suuq Mugdi, soko la giza.

Daraja limekuwa zaidi ya njia. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1934 kuhusu wilaya maalum ilibana mienendo ya watu wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo Garissa ilikuwa sehemu yake, hata kutoka na kuingia kukahitaji kibali. Mwaka 1963 ukaundwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, Garissa ikiwa makao makuu, na mwishoni mwa mwaka huohuo hali ya hatari ikatangazwa kwa sababu ya vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia. Vita vilitulia 1967. Sheria za hali ya hatari zikabaki hadi 1991. Katikati yake, Novemba 1980, maafisa wa serikali waliuawa mjini, na kilichofuata ni kuchomwa kwa Bulla Kartasi na wakazi kuzuiliwa katika uwanja wa shule. Ndiyo maana kuna wazee ambao wakivuka daraja kwenda Nairobi husema wanakwenda Kenya. Mgeni hucheka; wao hawatanii.

Mkoa ulikoma ugatuzi ulipoanza 2013, na Garissa ikawa makao ya kaunti. Chuo kikuu kilichofunguliwa 2011 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi kilishambuliwa Aprili 2, 2015, watu 148 wakapoteza maisha. Kilifunguliwa tena, na 2017 kikapata hadhi kamili. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 160,000 mjini.

Nirudi kwenye maji. Furiko huleta tope jipya lenye rutuba, na mkulima aliyepoteza migomba Mei huenda akavuna vizuri Septemba. Huleta pia mbegu za mathenge, ule mti wa miiba uliopandwa kuzuia jangwa ambao sasa umevamia kingo na malisho. Na mvua za hapohapo zikizidi, kama 1997 na 2006, mayai ya mbu yaliyokaa makavu ardhini kwa miaka huanguliwa kwenye mabonde yaliyojaa maji, nao mbu hao hubeba homa ya Bonde la Ufa. Ng'ombe, kondoo na mbuzi huanza kutupa mimba kwa wingi. Wanadamu huambukizwa wanapochinja au kushika damu. Mfugaji akiona mimba zinatoka ovyo baada ya mvua, asichinje. Aite daktari wa mifugo.

Mimi, kila Aprili na Novemba kabla ya kuwapeleka wanafunzi Garissa, simpigii simu mtu wa Garissa kuuliza hali ya hewa. Nampigia mtu wa Tharaka.